Upinde wa Shaba na Upinde wa Mti: Silaha za Kale za Nachingwea na Ruangwa, na Jinsi ya Kuzitambua

Mwalimu asomapo darasani Zaburi ya 18, akifika mahali patajwapo upinde wa shaba, aghalabu hupata swali. Watoto wa Nachingwea na Ruangwa waujua upinde, na waujua kuwa ni mti. Basi huuliza: Je, watu wa zamani walikuwa na pinde za madini? Na babu zetu je, walikuwa nazo? Swali hili ni jema, nalo lastahili jawabu pana kuliko "ndiyo" au "siyo". Tena ni swali la haraka. Wanunuzi wa vyuma chakavu wapita vijijini na mizani yao, na pamoja na majembe yaliyokwisha na masufuria yaliyotoboka huenda vigumba vya mishale, ncha za mikuki na mitutu ya gobori. Kipimo chao ni kilo. Kigumba kilichofuliwa kwa chuma cha tanuri la mababu na msumari uliopondwa juzi, mbele ya mizani ni sawasawa. Kikiisha kuingia guniani na kupelekwa kuyeyushwa, hakuna mwanachuoni awezaye kukirudisha.

Twaandika habari hizi kwa walimu wenzetu hasa, kwa kuwa mwalimu ndiye aletewaye kitu na mtoto, au aitwaye na mzee akione, akaulizwa: Ni cha zamani gani? Kina thamani gani? Tumesikia mara nyingi jawabu moja likitolewa kwa kila kitu chenye kutu: "Hiki ni cha Maji Maji." Huenda ikawa kweli. Mara nyingi si kweli, na sababu zake tutazionyesha.

Kwanza majina, maana yaanza kusahauliwa hata na watu wazima. Upinde hufungwa upote, yaani ugwe wa kano, au wa ngozi, au wa nyuzi za magome, toka ncha hata ncha. Uti wa mshale huitwa wano. Nyuma una manyoya ya kuuongoza, na mkato mdogo wa kupokea upote. Mbele una kigumba, nacho ndicho chuma chenyewe. Kigumba kingine kina mkia mwembamba uliochomekwa ndani ya uti na kukazwa kwa kano na ulimbo. Kingine kina kikombe kilichovikwa juu ya uti. Mishale ya kuwindia ndege haikuhitaji chuma. Ncha yake ilikuwa mti tu, mara nyingine butu kama kirungu, ili ndege aanguke asitoboke. Mishale yote huchukuliwa katika podo.

Basi jawabu la kwanza ni hili: katika nchi ya Wamwera, Wamakua na Wayao, pinde zilikuwa za mti. Chuma kilikaa penye ncha ya mshale. Wako wasemao ya kuwa ni kwa upungufu wa ustadi. Sivyo. Kazi ya upinde ni kukunjika na kurudi kama ulivyokuwa, mara mia na mara elfu. Chuma cha matanuri ya kale kilikuwa laini. Ukikikunja hukunjika, wala hakirudi. Chuma kirudicho ni chuma cha pua, nacho hakina budi kuwa na kiasi chake cha kaboni, kisha kipashwe moto, kizamishwe majini au katika mafuta, na kupashwa tena kwa kipimo. Mhunzi aliyejua kazi yake alijua pia ya kuwa mti mzuri wa porini hufanya kazi hiyo bila moto wala mkaa. Tena chuma kilikuwa ghali. Kulikuwa na kuchimba mawe yake, kukata miti ya mkaa, kujenga tanuri, na kuvuta mivukuto mchana na usiku. Kitu cha namna hiyo hakipotezwi penye mpini na mti upo. Huwekwa mahali pamoja tu panapokihitaji, yaani pale panapopenya.

Na huo upinde wa shaba wa Maandiko? Watajwa katika Zaburi, na tena katika kitabu cha Ayubu, mlango wa 20. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika kuwa ni chuma cha pua, lakini neno la Kiebrania ni shaba, na Kiswahili chetu kimefuata vema. Wataalamu wengi waona kwamba ni upinde wa mti uliopambwa kwa shaba, au ni mfano tu wa nguvu ipitayo kiasi cha mwanadamu, kama mtu asemavyo ya kuwa fulani ana mikono ya chuma.

Walakini pinde za chuma cha pua zimekuwako duniani kweli. Bara Hindi zilifuliwa tangu karne ya 17 hata ya 19, nyingine zikinakshiwa kwa dhahabu na fedha, nyingine zikikatwa katikati na kuungwa kwa parafujo ili zichukulike upesi. Wahindi walikuwa na pinde bora kuliko hizo, za pembe na kano na mti zilizogandishwa kwa gundi; ila gundi huharibika wakati wa mvua za masika, na upinde wa chuma waweza kukaa ghalani miaka mingi ukingoja vita. Haukupeleka mshale mbali kama ule wa pembe. Ulipendwa kwa kuwa haukuoza. Huko Ulaya mafundi wa karne ya 15 walifua pinde fupi nene za chuma cha pua na kuzitia juu ya magogo ya kulengea, nazo zilivutwa kwa gurudumu au kwa wenzo, si kwa mkono mtupu.

Mlango wa tatu ni wa juzi. Katika miaka ya 1930 Waswedi walitengeneza pinde za bomba la chuma cha pua kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, kiwanda cha Accles & Pollock cha Oldbury, karibu na Birmingham katika Uingereza, kiwanda chenye sifa ya kutengeneza mabomba, kiliuza pinde za namna hiyo kwa jina la Apollo. Zilisifiwa kwa sababu kila upinde ulikuwa sawa na mwenzake, wala baridi na joto havikuugeuza kama mti. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 zikaja pinde za mti uliofunikwa nyuzi za kioo, na za chuma zikawekwa kando. Mtu akiletewa upinde wa bomba la chuma, ajue basi ya kuwa haukutangulia miaka ile ya 1930, wala si kazi ya mhunzi wa kijijini, hata kama umeparara kwa kutu na kuonekana wa kale sana. Atafute jina la kiwanda karibu na mahali pa kushikia. Atazame kama mikono miwili ina mkunjo ulio sawa, kama kuna kibonyeo, kama kuna ufa mahali unapoanza kupindika. Autikise, ukitoa unga mwekundu, kutu imekula ndani. Hapo ndipo penye hatari yake, kwa kuwa bomba huoza toka ndani na nje likabaki zuri, kisha siku moja huvunjika ghafula, vipande vikaruka usoni pa mvutaji. Upinde wa namna hiyo usivutwe kabisa, hata kwa mchezo. Thamani yake ni ya kutazamwa.

Turudi nyumbani. Upinde wa mti hausemi umri wake. Mchwa na dumuzi wa nchi yetu hawaachi mti, na mtu aliyevunjikiwa na upinde alikata mwingine kwa mfano ule ule wa baba yake. Huko Uingereza, merikebu Mary Rose iliyozama mwaka 1545 ilitolewa baharini mwaka 1982, na pinde zaidi ya 130 zikapatikana, kwa sababu tope la bahari lilizifunika zisipate hewa. Sisi hatuna tope la namna hiyo. Tuna mapaa ya nyasi yenye moshi, na moshi husaidia kidogo, lakini paa nalo huungua au huezuliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia upinde huu ni wa miaka 150, usimkatalie kwa ukali, ila usiandike hivyo mpaka uwe na ushuhuda mwingine. Ushuhuda huo utaupata katika chuma cha mshale.

Chuma cha kale kilipatikana hivi. Moto wa tanuri la udongo, wenye kuvuviwa kwa mivukuto, hufika kama nyuzi 1,200 za Selsiasi. Chuma hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538. Basi ndani ya tanuri chuma hakikumiminika kama maji. Kilikuwa donge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na taka iliyoyeyuka, ndiyo mavi ya chuma. Mhunzi alilitoa donge, akalipiga lingali jekundu, akalikunja, akalipiga tena, mpaka taka ilipotoka. Haikutoka yote. Nyuzi zake nyembamba zilibaki ndani ya chuma, na kutu ijapo hufuata nyuzi hizo. Kwa hiyo kigumba cha chuma cha tanuri, kikishikwa na kutu miaka mingi, huonekana kama kipande cha mti mkavu, chenye mistari na nyufa za kufuata urefu wake. Mahali pengine waona ganda limeachana na ganda, pale mhunzi alipokunja. Unene wake haulingani, na pande zake mbili si sawa kabisa, maana mkono wa mtu si mashine.

Chuma cha kiwandani hakina nyuzi hizo. Kutu yake ni ya vishimo vidogo vilivyotapakaa pande zote. Kigumba kilichopondwa kutoka msumari wa waya hujifichua mkiani, maana mkia hubaki mviringo kamili, na pengine waona mikwaruzo midogo ya sambamba, alama ya meno ya mashine iliyoushika msumari ulipogongwa kichwa. Misumari ya namna hiyo ilienea duniani mwisho wa karne ya 19. Si jambo la aibu kwa mwindaji kutumia msumari. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamefanya vigumba vizuri kwa kuponda misumari bila moto, nasi twawasifu kwa hilo. Ila msumari ni tarehe, na tarehe haidanganyi. Vivyo hivyo springi ya motokaa. Chuma chake ni kigumu, tupa huteleza juu yake, na ubapa wake ni wa unene mmoja toka mwanzo hata mwisho. Hakiwezi kutangulia motokaa. Na kipande cha nondo chenye mbavu zake kimetoka katika majengo ya zege, wala hakihitaji maneno mengi.

Nani alikifua? Wazee wa Kiyao hutaja Wachisi, ukoo wa wahunzi. Padre Yohanna Abdallah wa Unangu, mwafrika msomi wa misheni ya UMCA, aliandika habari zao katika historia yake ya Wayao iliyochapwa mwaka 1919, akasimulia jinsi walivyozunguka na majembe wakiyauza, na jinsi biashara hiyo ilivyowafungulia Wayao njia za nchi nyingine. Basi kigumba kilichopatikana kwa Wamwera si lazima kiwe kimefuliwa na Mmwera. Chuma kilitembea. Mwalimu aandikaye "cha Wamwera" kwa sababu tu kimetoka Ruangwa ameandika zaidi ya alijualo. Aandike kilipatikana wapi na kwa nani, ndipo aulize kimefuliwa wapi.

Sasa tuangalie vita, maana vita ndivyo vilivyosomba silaha na kuzitawanya. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, na mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, waliushambulia mji huo. Wangoni walikuja kwa ngao na mikuki mifupi ya kuchomea karibu. Mwenye upinde hupigana kwa mbali, penye kichaka na mwamba. Tofauti hii yafaa kukumbukwa mtu aonapo ncha pana yenye kikombe kizito: huenda ni ya mkuki, si ya mshale, na mkuki wa vita una historia yake mbali.

Maji Maji yalianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi. Mwezi wa Agosti boma la Liwale lilichomwa, na tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili. Kabla ya mwezi kwisha misheni ya Nyangao ilikuwa imeshambuliwa na Sista Walburga kufa. Lukuledi na Masasi nazo ziliharibiwa. Wapiganaji walishika gobori, mikuki, pinde na mishale. Waliosimama mbele yao walikuwa na bunduki za kushindilia nyuma, na mizinga ya bombom. Kisha Wadachi waliwatoza walioshindwa silaha zao kama sharti la amani, na majeshi yakachoma nyumba, maghala na mashamba. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Msomaji apime mwenyewe. Nyumba zilichomwa, na silaha zikatozwa. Upinde wa mti uliokuwa darini mwaka 1905 ulikuwa na njia chache sana za kutufikia. Ndiyo sababu twasema kwamba nyingi katika zile ziitwazo "za Maji Maji" ni za wana na wajukuu wa waliopigana. Kigumba chaweza kuokoka, kwa kuwa moto wa paa la nyasi hauyeyushi chuma, na shamba hukificha. Kikitoka ardhini, kina nyuzi za chuma cha tanuri, na kando yake hakuna kitu cha kiwandani, hapo twaweza kusema kwa kiasi: hiki chaweza kuwa cha wakati ule au cha kabla yake. Neno "chaweza" si woga. Ndilo neno la haki.

Silaha zilizotozwa hazikupotea zote. Baadhi zilipelekwa Berlin zikawekwa katika makumbusho, na mwaka 2018 kulichapwa huko kitabu juu ya vitu vya vita vya ukoloni vilivyotoka nchi hii, kazi ya wanachuoni wa Tanzania na wa Ujerumani pamoja. Mwingine aliyekusanya alikuwa Dr. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alifika Lindi mwaka 1906, moshi wa vita haujaisha, akafuata bonde la Lukuledi mpaka Masasi, kisha Newala na Mahuta. Alinunua vitu, alipiga picha, alinasa nyimbo kwa mashine, akachapa vitabu vyake mwaka 1908. Lugha yake juu ya watu wetu mara nyingi yachoma moyo, nasi hatuwezi kuisifu. Lakini kitu alichokiandikia mahali na mwaka chasema hata leo, na kitu kilichobaki kwetu bila maandishi ni bubu. Jambo hilo latuuma zaidi kuliko lugha yake.

Kwa kuwa gobori na mishale hukaa pamoja darini, tuseme kidogo juu ya gobori, ingawa si mada yetu. Gobori lina karatasi yake ya kuzaliwa juu ya mtutu. Ukikuta mviringo kama yai wenye herufi ELG na nyota, limepimwa Liège katika Ubelgiji. Taji ikiwa juu ya mviringo huo, ni tangu mwaka 1893. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni alama ya nyumba ya upimaji ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813. Na kwa nini za gumegume zilidumu hapa wakati Ulaya zilikwisha kuachwa? Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ila bunduki za gumegume ziliruhusiwa kwa masharti. Basi mababu hawakupenda vitu vikuukuu; ndivyo walivyouziwa.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilileta chuma na shaba ya namna nyingine. Oktoba 1917 Waingereza na Wadachi walipigana Mahiwa karibu na Nyangao, siku nne za damu nyingi, na Ruponda, iliyokuwa ghala ya Wadachi, ilitwaliwa mwezi huo huo. Maganda ya risasi ya wakati ule aghalabu yana mwaka uliopigwa chapa kitakoni. Kisha miaka ya 1947 hadi 1951 ukaja mpango wa karanga, na Nachingwea ikajaa matrekta, minyororo na reli. Mpango ulianguka, chuma kikabaki. Kigumba au kisu cha chuma hicho si kitu cha kudharauliwa. Chaonyesha jinsi mhunzi alivyogeuza hasara ya serikali kuwa chombo cha nyumbani. Wala kisipewe umri usio wake.

Kabla ya kusema habari ya kupima thamani, yapo maneno ya tahadhari ambayo twamwomba mwalimu ayasome mara mbili. Nyuma ya kigumba, juu ya mkia au juu ya uti, pengine pana ganda jeusi kama lami kavu. Lichukulieni kuwa ni sumu. Katika nchi za kusini hizi sumu ya mishale ilitoka hasa katika mbegu za mmea ambao wataalamu huuita Strophanthus, na katika nchi za kaskazini mti wa msunguti. Zote mbili husimamisha moyo. Dr. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa katika safari ya Livingstone ya Zambezi kati ya 1858 na 1863. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo mfukoni, naye alipousugua meno aliona uchungu mdomoni na mapigo ya moyo yamepungua. Kutoka hapo Profesa Fraser wa Edinburgh alifuatia uchunguzi, na sumu ya wawindaji wetu ikawa dawa ya moyo katika hospitali za Ulaya. Sumu hii haifi upesi kwa ukavu. Ganda la miaka mingi laweza kudhuru bado. Watoto wasiguse, mtu asikwangue, na mwenye kidonda mkononi asishike kabisa. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Katika kupima thamani kosa kubwa ni usafi. Mtu mwenye nia njema huchukua msasa akasugua kutu mpaka chuma king'ae, kisha huondoa kano kuukuu na kutia waya mpya. Amekwisha kuondoa nyuzi za tanuri, dalili za nyundo, na mafundo ambayo fundi aliyafunga kwa vidole vyake. Afadhali kigumba kilichovunjika chenye kano zake kuliko kizima kilichong'arishwa. Kifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, kiwekwe mahali pasipo unyevu, mbali na chumvi. Tena mshale mzima, wenye wano, manyoya na kigumba, una thamani kuliko vigumba kumi, maana waonyesha mti gani ulitumika, ndege gani alitoa manyoya, na mkato wa nyuma ulikuwa wa upote mnene au mwembamba. Mkato huo ni shahidi wa upinde uliokwisha kuliwa na mchwa.

Na juu ya bei, twasema wazi kwamba hatupendi kuitaja. Kitu hiki kikiwa kimoja hakina fedha nyingi sokoni, nayo sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kupeleka ng'ambo vitu vya asili vya namna hii pasipo kibali. Mnunuzi wa vyuma atatoa fedha ya chumvi na kiberiti. Tusimlaumu mzee apokeaye. Njaa ya Februari haingoji historia. Twawalaumu zaidi wale waliosoma, wanaojua kuandika, wasiochukua nusu saa kuandika alichosema kabla hajaliuza. Karatasi moja yatosha: kitu ni nini, urefu wake kwa sentimeta, mkia ni wa mviringo au wa pembe, kutu ni ya nyuzi au ya vishimo, kilikutwa wapi, darini, pangoni au shambani, na kwa kina gani, asemaye ni mjukuu au mnunuzi, maneno yake ni yapi, kwa lugha yake mwenyewe, Kimwera kwa Kimwera, Kimakua kwa Kimakua. Picha ipigwe pande zote mbili, na kipimo kando. Kitu chenyewe kibaki kwa mwenyewe akitaka. Akikubali, makumbusho ya Maji Maji huko Songea na Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ndipo mahali pake.

Liko jambo moja jingine ambalo darasa laweza kulifanya bila kumwomba mtu chochote. Mavi ya chuma hayanunuliwi na mwenye mizani; akiyapima huyatupa. Ni meusi, mazito, yana matundu na mng'ao kama kioo, na pengine alama ya majani au mkaa yaliyoganda ndani yake. Pengine pamoja nayo hukutwa vipande vya bomba la udongo, lililokuwa likiingiza pumzi ya mivukuto. Penye vitu hivyo palikuwa na tanuri. Mkulima huyaokota alimapo, kwa kuwa hugonga jembe, naye huyarundika mpakani mwa shamba au hujazia shimo la njia. Watoto wanaokwenda shule kwa miguu huyapita kila siku, asubuhi na jioni.